Karibu Nyuma ya Pazia, Wakili

Kwanza hongera. Kama mwongozo huu umekufikia, maana yake umepenya kwenye tundu la sindano la Shule ya Sheria, pale ambapo mwaka 2022 matokeo yalitangazwa na kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja wakawa 26. Umeapishwa, mama amepiga picha na joho lako, na sasa barua ya kuitwa kazini serikalini iko mkononi. Wajomba wanasema umeula. Kijijini wameanza kukuita Mheshimiwa.

Waambie waache. Mheshimiwa ni yule utakayemwandikia.

Haya nayaandika kwa ajili ya kijana anayeitamani ile kazi isiyo na kibao mlangoni: wakili wa serikali anayeandaa miswada, mshauri anayeingia kwa mkubwa kupitia mlango wa pembeni, mtu ambaye jina lake halimo kwenye hotuba lakini mikato yote ni yake. Miaka sita nilikaa kwenye kitengo cha sheria cha wizara moja nisiyoitaja kwa kuwa bado naidai malimbikizo. Nilichojifunza humo ni kidogo, ila ningekijua mapema ningeokoa usingizi mwingi.

Anza na Katiba, kama ulivyofundishwa. Ibara ya 59 inasema Mwanasheria Mkuu ndiye mshauri wa Serikali kwa mambo ya sheria. Wewe utakuwa ngazi kadhaa chini yake, jikoni, mahali ushauri unapopikwa kabla ya kupakuliwa. Utajisikia vizuri. Kisha rudi nyuma kurasa chache usome ibara ya 37: Rais yuko huru, halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, ila pale Katiba au sheria inapomtaka aufuate. Halafu shuka mpaka ibara ya 54, mwishoni kabisa: kama Baraza la Mawaziri lilimpa Rais ushauri, na ushauri huo ulikuwa upi, si jambo la kuchunguzwa na mahakama yoyote. Sasa ziweke zote tatu mezani uzitazame kwa pamoja. Utalipwa mshahara kwa kutoa ushauri ambao si lazima usikilizwe, na ukibahatika kusikilizwa na kupanda mpaka juu kabisa, hakuna hakimu atakayeruhusiwa kuuliza ulisema nini.

Wengine wakifika hapa huomba kazi benki. Kama bado upo, tuendelee.

Mavazi na mahali pa kukaa

Nunua suti mbili za rangi ya vumbi la Dodoma. Nyeusi ni ya mahakamani, bluu yenye kung'aa ni ya wanasiasa. Yako inatakiwa ifanane na ukuta, maana ukutani ndiko utakakokaa. Kwenye kikao chochote cha maana kuna meza kubwa yenye maji ya chupa na vibao vya majina, na nyuma yake, kufuata ukuta, kuna safu ya viti visivyo na kibao. Hapo ndipo penu, wewe na mabegi ya wakubwa. Ukimwona mwenzako anasogea taratibu kuelekea mezani, mwombee.

Kutoka ukutani utafanya kazi kwa vikaratasi. Mbunge kauliza swali la nyongeza, waziri wako kasimama, anatabasamu lile tabasamu la mtu anayesubiri neema. Una nusu dakika. Karatasi ikunjwe mara moja tu, kwa sababu ikikunjwa mara mbili inachukua muda kukunjuka na kipaza sauti kinanasa mlio. Herufi ziwe kubwa, maana miwani huachwa ofisini. Maneno yasizidi kumi. Mimi niliwahi kuandika kumi na saba, na waziri akayasoma yote, pamoja na lile la mwisho lililosema "usiseme hili". Ukumbi ulicheka. Yeye alicheka pia, na mimi sikupangiwa safari kwa miezi minne.

Sarufi ya jalada

Sheria uliyosoma chuoni ilikuwa ya Kiingereza, na Kiswahili cha ofisini hujakisoma popote. Utakikuta kwenye jalada, baina ya kamba na mhuri wa SIRI, katika kitu kinachoitwa dokezo.

Dokezo halina "nadhani". Lina "imeonekana". Lugha yetu imejaaliwa kauli ya kutendwa, na serikali imeitumia kauli hiyo kama mwamvuli: imeelekezwa, imeamuliwa, imebainika, itafanyiwa kazi. Tafuta mtenda ndani ya jalada la kurasa mia mbili, hutamwona. Ukimaliza kuandika unaweka "Naomba kuwasilisha", mkubwa anaandika pembeni kwa wino wa rangi nyingine "Sawa", na kuanzia dakika hiyo wazo lako ni lake. Likizaa matunda, yeye ana maono. Likioza, anayo sentensi moja tayari, nayo ndiyo mahali pekee ambapo utatajwa hadharani katika utumishi wako wote: "Nilishauriwa vibaya na wataalamu."

Kuna neno jingine la kuliogopa: juu. "Haya ni maelekezo kutoka juu." Usiulize juu wapi, utaonekana mkorofi. Rudi kwenye kiti chako, fungua jalada, andika kwa upole: "Kufuatia maelekezo niliyopewa kwa simu leo saa 9:40 alasiri, nimeandaa rasimu kama inavyoonekana folio 31." Saa na dakika. Usiandike jina la aliyepiga simu kama hujaambiwa, ila dakika zile arobaini ziwepo. Nimeona watu wakiokolewa na dakika arobaini.

Usiku wa neno moja

Nikuoneshe kazi yenyewe ilivyo, kwa ukaribu.

Dodoma, saa nne usiku, muswada unatakiwa mezani kwa Katibu wa Bunge asubuhi. Tuko wanne chumbani na mashine ya kudurufu inayopumua kama mgonjwa wa pumu. Kuna chapati tatu zilizopoa ndani ya gazeti na chupa ya chai ya tangawizi. Mkurugenzi wetu, mama mmoja mwenye miaka thelathini ya kazi, amevua viatu, anasoma kwa kidole kifungu kwa kifungu. Kimoja kilisema kwamba kabla ya kutoa amri fulani kuhusu ardhi, Waziri atashauriana na halmashauri ya kijiji. Nilikiandika mimi. Nilikuwa nakipenda, kusema kweli.

Saa nne na nusu mlango ukafunguliwa, akaingia msaidizi wa mkubwa na nakala yetu ikiwa na alama moja tu ya kalamu. "Atashauriana" ilikuwa imekatwa, juu yake pameandikwa "anaweza kushauriana".

Nikamtazama mama. "Mama, hapa kifungu chote kimekufa."

"Hakijafa, mwanangu. Kimelala."

"Lakini huyu akitaka hashauriani na mtu."

"Ndiyo maana kimelala." Akavaa miwani vizuri. "Wewe umeshauri nini kwenye dokezo?"

"Kwamba iwe lazima."

"Imo kwenye folio?"

"Imo."

"Basi badilisha neno, tule chapati."

Nikabadilisha. Ilichukua muda wa kubonyeza vitufe vichache. Kabla ya mwaka 2021 neno hilo lingejificha ndani ya Kiingereza na mwanakijiji asingejua hata kama lilibadilishwa. Lakini Bunge lilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, waandishi wa sheria tulipoteza chandarua chetu. Siku hizi mtu yeyote mwenye darasa la saba anaweza kusoma "anaweza" na akajua amepunjwa. Hiyo ni hasara kwa taaluma yetu, na naitaja ili ujiandae.

Usidhani usiku ule ulikuwa wa ajabu. Kuna kitu kinaitwa hati ya dharura, karatasi inayosema muswada huu haungoji. Julai 2017 sheria nzito za maliasili, zile zilizotangaza umiliki wa wananchi juu ya rasilimali na kulipa Bunge uwezo wa kuagiza mikataba yenye masharti mabaya ijadiliwe upya, zilipita kwa njia hiyo ndani ya siku chache. Uwe umezipenda au hukuzipenda, jiulize nani alizishika kwa kalamu, kifungu kwa kifungu, mabano na jedwali. Hujui. Ndivyo inavyotakiwa.

Siku utakapopewa likizo ambayo hukuomba

Sasa tuje kwenye historia, maana katika kazi hii yote yaliyokwisha kuwapata wengine yatakupata na wewe, kwa kipimo kidogo zaidi.

Tanganyika ilipopata uhuru, wanasheria wazalendo walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Kitivo cha sheria kilifunguliwa mwaka huohuo wa 1961, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na wahitimu wake wa kwanza walikuwa bado wanajifunza kufunga tai. Kwa hiyo Mwanasheria Mkuu wa Mwalimu Nyerere alikuwa Mwingereza, Roland Brown. Mapinduzi ya Zanzibar yakatokea Januari 12, 1964. Miezi mitatu baadaye Mwalimu akamwita Brown na kumpa kazi ya kuandika mkataba wa kuunganisha nchi mbili, na sharti kwamba habari isitoke. Mawaziri wengi hawakujua. Fikiria kazi hiyo: unaandika nchi mpya, halafu unakwenda nyumbani kula chakula cha jioni na kuzungumzia mvua.

Ng'ambo ya bahari, Zanzibar nayo ilikuwa na Mwanasheria Mkuu wake, Wolfgang Dourado. Ungetarajia yeye ndiye aupitie mkataba kwa niaba ya Mzee Karume. Wanahistoria wanasimulia kwamba badala yake alipewa likizo ya wiki moja, na aliyeitwa kutoa ushauri alikuwa wakili kijana kutoka Uganda, Dan Nabudere. Aprili 22 viongozi wawili wakatia saini. Aprili 25 Bunge la Tanganyika likapitisha Sheria Na. 22 ya mwaka 1964, na kesho yake tukaamka ndani ya Jamhuri ya Muungano.

Soma tena hapo kwenye likizo. Mkubwa wako akikwambia ghafla kwamba umechoka, kwamba familia inakuhitaji, kwamba ofisi itajiendesha, usifurahi haraka. Nenda kapumzike, ndiyo, lakini sikiliza taarifa ya habari.

Na ukirudi usiseme sana. Karibu miaka ishirini baadaye, wakati wa mjadala wa katiba wa 1983 na 1984, Dourado alisimama hadharani kutetea shirikisho la serikali tatu, akaishia kizuizini. Likizo ya pili, tuseme, na hii nayo hakuiomba.

Mkataba wenyewe ni fundisho la uandishi. Mambo ya Muungano yalikuwa 11, na ukiyasoma unaona mkono wa mtu aliyepewa muda mfupi na nidhamu kubwa. Ulitaka tume iundwe na Bunge la kutunga katiba liitishwe ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ule mmoja ukaongezwa kwa sheria nyingine, na Bunge hilo lilikuja kukaa 1977. Kwa hiyo ukimwona mtu anabishania "siku kumi na nne" au "siku thelathini" kwenye rasimu, mwache abishane, ni mazoezi mazuri ya akili. Mwaka wa serikali unaweza kuwa na miezi zaidi ya mia na hamsini.

Zanzibar iliendelea kutoa mifano. Mzee Aboud Jumbe, aliyeshika uongozi baada ya Karume, alimweka Mwanasheria Mkuu kutoka Ghana, Bashir Kwaw Swanzy, mtu aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Kwame Nkrumah. Huyu hakuwa mwanafunzi. Aliandaa hati ya kupeleka suala la Muungano kwenye Mahakama Maalum ya Katiba, mahakama iliyomo ndani ya Katiba ya 1977 na ambayo haijawahi kukaa. Hati ile haikufika mahakamani. Kabla Jumbe hajaitumia, nakala yake ilikwisha kufika mahali ambapo haikutumwa. Januari 1984, kwenye kikao cha chama Dodoma, Jumbe aliachia nyadhifa zake zote. Swanzy akaondoshwa nchini.

Mafunzo ya kiufundi kutoka kisa hiki ni mawili. La kwanza, rasimu ina miguu kuliko hati iliyosainiwa. Hati iliyosainiwa hulala kwenye kasha, rasimu hutembea usiku, kwa hiyo hesabu nakala, andika namba kwenye kila moja, na usimwachie kijana wa mashine ya kudurufu akuletee "zilizobaki". La pili ni hili: mkubwa akianguka na karatasi yako mkononi, yeye atabaki mstaafu mwenye heshima zake. Wewe utatafutiwa ndege.

Mgeni ana mkoba tayari

Hebu watazame tena hao niliowataja: Brown Mwingereza, Nabudere Mganda, Swanzy Mghana. Ongeza na Thurgood Marshall, wakili wa Kimarekani ambaye Tom Mboya alimwita mwaka 1960 kuwashauri wajumbe wa Kiafrika wa Kenya kwenye mazungumzo ya Lancaster House, London. Marshall, aliyekuwa ameshinda kesi kubwa ya kuvunja ubaguzi mashuleni kwao, aliandaa rasimu ya haki za binadamu kwa ajili ya Kenya, na humo akawalinda hata walowezi wachache waliokuwa wakiogopa kunyang'anywa mali. Miaka saba baadaye akawa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, mweusi wa kwanza. Wakenya wengi wanaokwenda mahakamani leo hawajui kwamba aliwahi kuwakalia kikao.

Kwa nini wageni? Watu husema ni kwa sababu ya uzoefu. Mimi naona ni kwa sababu ya mkoba. Mgeni hana shemeji kwenye Baraza la Mawaziri, hana shamba linalopakana na la katibu mkuu, hagombei ubunge mwaka kesho, na akishajua mengi mno kuna uwanja wa ndege. Wewe mzalendo una shamba na shemeji. Ndiyo maana siri zako zitakuwa ndogo ndogo, na hiyo ni baraka, ingawa mwanzoni utaona ni dharau.

Usilipende pazia, na usitoke

Kila mtu wa nyuma ya pazia hufika mwaka ambapo anaona watu wanaosoma maneno yake wakipigiwa makofi, na moyo unamwambia: na mimi nina mdomo. Msome Charles Njonjo. Alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya tangu 1963, suti za mistari, ua kifuani, na kwa miaka kumi na saba hakuna sheria iliyopita bila yeye kujua. Mwaka 1976, wanasiasa walipotaka katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais asirithi kiti moja kwa moja, Njonjo alitoka mbele akakumbusha taifa kwamba kuwaza kifo cha Rais ni kosa la jinai. Mjadala ukanyauka. Makamu huyo, Moi, akarithi kiti miaka miwili baadaye.

Kisha, 1980, akajiuzulu uanasheria mkuu akaingia bungeni kwa jimbo la Kikuyu, akawa waziri. Miaka mitatu tu. Mwaka 1983 likaibuka neno "msaliti", tume ya uchunguzi ikaundwa, akang'olewa, na 1984 akasamehewa. Akafariki Januari 2022, akiwa na umri wa miaka 101. Nyuma ya meza ya Mwanasheria Mkuu alidumu miaka kumi na saba. Mbele ya kipaza sauti, mitatu. Hesabu hiyo ifanye mwenyewe kabla hujachukua fomu.

Kitu ambacho sikuambiwa

Hapa mzaha unanipungukia kidogo, unisamehe.

Tume ya Jaji Francis Nyalali, ile iliyopendekeza mfumo wa vyama vingi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ijapokuwa wengi wa waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, ilitaja pia sheria 40 ilizoona zinakandamiza watu na zinafaa kufutwa au kurekebishwa. Arobaini. Mojawapo ni Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962, iliyomruhusu mkubwa wa nchi kumfungia mtu bila kumfikisha mahakamani.

Nilipokuwa mwanafunzi nilizisoma kama sheria za watawala. Nilipofika kazini ndipo nikaelewa kwamba kila moja ilikaa siku kadhaa mezani kwa mtu kama mimi. Mtu huyo alihakikisha kifungu cha 4 hakigongani na cha 7. Alisahihisha tahajia. Huenda alishauri vingine na ushauri wake uko folio fulani, umelala kama kifungu changu. Huenda alionelea ni sawa tu. Jioni alipanda basi kwenda Ilala au Magomeni, akamwangalia mtoto homa. Sheria zile zina majina ya wakubwa waliozisaini, na historia imewahukumu au kuwasamehe kwa majina yao. Yeye haijamuuliza kitu.

Hiyo ndiyo faida kubwa ya kazi hii na sikuwahi kuiona imeandikwa kwenye tangazo la ajira. Nilikaa nayo miaka sita. Kifungu changu cha ardhi kilipoamka, kilivyoamka na mahali kilipoamkia, nilisoma gazetini kama msomaji mwingine yeyote. Halmashauri ya kijiji haikushauriwa, sheria haikulazimisha. Mwanasheria wa upande wa pili alilalamikia "uandishi mbovu". Uandishi haukuwa mbovu hata kidogo. Ulikuwa safi kabisa.

Namna ya kutoka

Hutafukuzwa. Neno hilo halipo. Kwa wakubwa, taarifa hutoka usiku, fupi: uteuzi umetenguliwa, mhusika atapangiwa kazi nyingine. Kwa watu wa ukutani hakuna hata taarifa. Utaona jalada lililokuwa likija kwako linakwenda chumba cha jirani. Kisha unakaribishwa kuwa mjumbe wa kamati ya maandalizi ya michezo ya watumishi. Ukipewa uenyekiti wa kamati ya michezo, anza kutafuta fremu ya kupanga.

Mimi nilipanga yangu Morogoro, karibu na stendi. Ni wakili wa kujitegemea, naandika mikataba ya mashamba na wosia wa wazee, na jina langu liko kwenye kibao cha mlangoni kwa rangi nyekundu iliyopauka. Mwezi wa kwanza nilishika kalamu kusaini barua nikasita, nikitafuta ni nani wa kumwekea.

Kabla hujaondoka, chukua kumbukumbu za kichwani tu. Majalada si yako, hata yale uliyoyaandika yote kwa mkono wako. Dada wa masijala atakusaidia kuhesabu yaliyoko mikononi mwako, atasaini kuwa umerudisha, na huyo ndiye mtu wa mwisho serikalini atakayehitaji jina lako kamili.

Kwa miaka mingi Watanzania walidai kuiona Hati ya Muungano, wengine wakidai haipo kabisa. Kelele zilipozidi ndani ya Bunge Maalum la Katiba, Aprili 2014, Katibu Mkuu Kiongozi Ombeni Sefue aliwaita waandishi wa habari na kuionesha. Kamera zikasogezwa, watu wakaanza kubishana mara moja kuhusu saini ya Mzee Karume: ni yake, si yake, mbona imepinda. Saini ni mbili, ya Nyerere na ya Karume. Jina la Roland Brown halimo.